Magofu ya Pwani katika Intaneti: Uhakiki wa Lugha na Majina

Kabla ya kuja kwa intaneti, mtu aliyetaka kujua habari za magofu ya pwani ya Afrika Mashariki hakuwa na budi ama kusafiri mpaka penyewe, ama kuingia katika maktaba kubwa na kuomba vitabu vya wachimbaji. Kitabu cha James Kirkman juu ya Gedi kilitoka mwaka 1954, na kazi kubwa ya Neville Chittick juu ya Kilwa, yenye majuzuu mawili, ilitoka mwaka 1974. Vitabu vya namna hiyo havikuwafikia wengi. Siku hizi hali imebadilika. Mwenye simu ya mkononi aweza kuutazama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kutoka kila upande, akazihesabu nguzo zake na kuchungulia kuba zake, bila ya kuvuka bahari wala kulipa nauli. Badiliko hili ni kubwa, tena ni jema. Lakini jambo jema nalo lastahili kupimwa. Kipimo kitakachotumiwa hapa ni kimoja: lugha ambayo kwayo hazina hizo zimeandikwa, pamoja na majina yaliyowekwa ndani yake na yale yaliyoachwa nje.

Hazina zenyewe ni za aina mbalimbali, na yafaa zitajwe chache zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambamo magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Kwa kila mahali pana maelezo, ramani na taarifa za uhifadhi. Na mtu aweza kufuata humo jinsi Kilwa ilivyotiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na jinsi ilivyotolewa mwaka 2014. Ya pili ni kazi ya Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, iliyoongozwa na Heinz Rüther. Hao wameyapima majengo ya kale ya Afrika kwa mionzi ya leza na kuyafanyia mifano ya pande tatu, na majengo ya Kilwa, Songo Mnara na Lamu yamo. Ya tatu ni maonyesho juu ya urithi unaotishwa na mabadiliko ya tabia ya nchi, yaliyotolewa na Google, CyArk na ICOMOS mwaka 2020, ambayo yalichagua mahali patano duniani, na Kilwa Kisiwani ni pamoja. Ya nne ni mradi wa MAEASaM, ulioanza mwaka 2020, ambao kwa kutumia picha za setilaiti na kumbukumbu za zamani waandika mahali pa kale palipo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania.

Hapana shaka kwamba kazi hizi zastahili kushukuriwa. Bahari yala ukingo wa Kilwa Kisiwani. Mizizi ya miti yapasua kuta. Chokaa yaanguka kila masika. Ukuta uliopimwa kwa leza, hata ukianguka kesho, vipimo vyake vitabaki. Na mwanafunzi wa Lindi asiye na nauli ya kwenda Lamu aweza kulinganisha mihrabu ya huku na ya huko. Anayezibeza hazina hizi hajui jinsi kazi ilivyokuwa ngumu zamani.

Hata hivyo, mwenye kuzitazama kwa makini ataona kwamba karibu zote zimeandikwa kana kwamba watu wa pwani hawamo katika wasomaji wake. Maelezo mafupi ya UNESCO juu ya kila mahali hutolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania, na tena kwa Kijapani na Kiholanzi. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo Mholanzi husoma habari za Songo Mnara kwa lugha ya mama yake, na mtoto aliyezaliwa Songo Mnara hawezi. Jambo hili ni la ajabu zaidi likikumbukwa kwamba UNESCO yenyewe, mwaka 2021, iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mradi wa Cape Town nao ulichukua jina lake katika Kiswahili, neno zamani, lakini maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza. Lugha hii, basi, huheshimiwa katika sherehe na katika vichwa vya habari, lakini penye kazi yenyewe haitumiki.

Wako watakaodhani kwamba hili ni suala la adabu tu, au la fahari ya taifa. Sivyo. Ni suala la elimu, maana majina ya mahali na ya sehemu za majengo ni ushahidi, sawa na vigae na sarafu. Chukua majina ya Kilwa Kisiwani. Jengo kubwa la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, huitwa Husuni Kubwa. Neno husuni latoka katika Kiarabu, na maana yake ni ngome. Lakini uchimbaji wa Chittick ulionyesha kwamba jengo hilo lilikuwa jumba la sultani na mahali pa biashara. Jina, basi, halisemi nia ya aliyejenga. Lasema jinsi watu waliokuja baadaye walivyolitazama jengo walipolikuta limesimama tupu juu ya mwamba. Kadhalika Makutani: ni kuta, pamoja na kiambishi cha wingi au ukubwa na kiambishi cha mahali, kwa jina hilo hutambulika kwamba palikuwa na kuta kubwa ambazo wenyeji waliziona kuwa alama ya mahali hapo. Na Gereza, ngome iliyo ufukweni: wanaisimu hulirudisha neno hilo kwenye Kireno igreja, yaani kanisa. Wareno waliijenga ngome yao Kilwa mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512, na sehemu kubwa ya jengo lionekanalo leo ni ya zama za Waomani. Hivyo neno moja limebeba historia ya wageni wawili na ya wenyeji waliolipokea na kuligeuza. Tovuti ikiandika kwa Kiingereza kwamba hapa pana ngome, ikaishia hapo, imeeleza matumizi ya jengo, lakini historia iliyomo katika jina imeitupa.

Mfano ulio wazi zaidi wapatikana Lamu. Nyumba ya mawe ya Lamu ina mpangilio ambao kila sehemu yake ina jina. Mgeni hupokewa katika daka, iliyo mlangoni. Akipita huingia tekani, kisha kiwanda, ambacho ni ua ulio wazi juu. Baada ya hapo ni msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma yake nyumba ya kati. Kadiri mtu azidivyo kuingia ndivyo sakafu izidivyo kuinuka, na ndivyo faragha izidivyo kuwa kubwa. Katika kuta za ndani mna zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu na kutiwa nakshi za chokaa. Mwenye kuyajua majina haya anao tayari mpango wa nyumba, tena anajua nani aliruhusiwa kufika wapi. Lakini katika maelezo ya picha, vyumba hivi aghalabu huwa chumba cha kwanza, chumba cha pili na chumba cha nyuma. Kipimo cha leza chaweza kusema msana wa yuu una upana gani; hakiwezi kusema kwamba ni msana wa yuu.

Huenda mtu akasema kwamba mashine za kutafsiri sasa zipo, na kwamba msomaji aweza kuibonyeza tovuti akapata Kiswahili. Nyumba ya Lamu yatosha kulijibu hilo. Katika Kiswahili sanifu kiwanda ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Ndani ni mahali popote palipo upande wa pili wa ukuta. Gereza ni mahali pa kufungia wahalifu. Mashine iliyofunzwa kwa magazeti na matangazo itaujaza ua wa Lamu mitambo na wafanyakazi. Na ikitafsiri kutoka Kiingereza, haiwezi kamwe kulirudisha jina ambalo mwandishi wa kwanza hakuliandika. Kilichoachwa nje hakitafsiriki.

Tena kuna tatizo la kutafuta. Hazina ya intaneti haisomwi kama kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Huulizwa kwa neno, nayo hujibu kwa kadiri ya neno hilo lilivyoandikwa ndani yake. Kwa hiyo tahajia, ambayo katika kitabu ni jambo dogo, hapa ni ufunguo wa mlango. Mji wa Gedi huandikwa pia Gede. Mtawala atajwaye katika habari za Pujini, kisiwani Pemba, huandikwa Mkama Ndume na Mkame Ndume. Watu wa Lamu husema zidaka, na wa Unguja wangesema vidaka, kwa kuwa kiambishi cha ngeli hiyo hutofautiana. Husema tini na yuu penye chini na juu. Ikiwa hazina imeandika umbo moja tu, anayetafuta kwa umbo la pili huambiwa kwamba hakuna kitu. Wala taabu hii si ya Kiswahili peke yake. Vyungu vya kwanza vya pwani, vyenye michoro ya pembetatu, vimepewa na wataalamu majina tofauti katika Kiingereza: Chittick aliviita vyombo vya jikoni vya mwanzo, Mark Horton akaviita kwa jina la mto Tana, na Felix Chami akaviita kwa michoro yake ya pembetatu. Asiyeyajua majina yote matatu hupata theluthi ya ushahidi, akadhani ameupata wote.

Neno lenyewe la magofu nalo lahitaji kuangaliwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo ambayo Kiswahili huyatenga. Gofu ni jengo lililobomoka. Hame, au kwa wingi mahame, ni mahali ambapo watu walikaa kisha wakahama; hata jina lake latokana na kuhama. Gedi ni hame lenye magofu ndani yake. Kilwa Kisiwani yana magofu mengi, lakini Kilwa Kisiwani si hame, maana watu wangali wanakaa huko, wanavua na kulima kando ya kuta hizo. Mtu akiyatazama maonyesho ya pande tatu, ambamo kuta husimama katika utupu bila nyumba wala mtu, ataondoka akidhani kwamba kisiwa chote ni hame. Orodha iliyotumia maneno mawili ya Kiswahili isingeweza kufanya kosa hilo kwa urahisi. Hapa yaonekana wazi kwamba lugha ya wenyeji yaweza kuwa chombo cha kupangia elimu, si vazi la kuivika elimu iliyokwisha kupangwa kwingine.

Hoja nyingine husema kwamba Kiswahili hakina istilahi za akiolojia. Hoja hii ina ukweli kidogo. Istilahi za maabara, na za upimaji wa umri wa vitu, bado hazijatulia. Lakini katika yale yatazamwayo na wageni wengi wa tovuti, yaani majengo, makaburi na vyombo, lugha hii ni tajiri. Ina kigae kwa kipande cha chungu kilichovunjika, kaure kwa vyombo vya Kichina, boriti na dari, kuba na mihrabu, chokaa na matumbawe, nakshi, birika, baraza. Tabaka la udongo lilikuwa tabaka kabla ya wachimbaji kuja. Mafundi waliokata mawe na kuchoma chokaa hawakufanya kazi yao bila maneno, na kamusi ya Sacleux, iliyotolewa kati ya 1939 na 1941, inaonyesha ni maneno mangapi ya lahaja yaliyokuwa yakitumika wakati ule. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kuyachukua maneno yaliyopo na kuyaweka katika orodha mpya.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima, na hapa watetezi wa Kiswahili hawana budi kujiangalia. Majina ya vyumba yaliyotajwa hapo juu ni ya Lamu, na yamekusanywa kutokana na nyumba za karne ya 18 na baada yake. Nyumba za Songo Mnara zilijengwa kati ya mwisho wa karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 16. Kuvipa vyumba vya Songo Mnara majina ya Lamu kana kwamba waliovijenga waliviita hivyo ni kuandika historia kwa kubuni. Wachimbaji wanaozitaja nyumba hizo kwa namba wana sababu yao: namba haisemi uongo. Lakini dawa ya hatari hii ni kuandika kila jina pamoja na mahali liliposikiwa, lahaja yake, na wakati lilipochukuliwa. Jina lenye anwani haliwezi kumpotosha msomaji. Jina lililokosa anwani laweza, hata likiwa la Kiswahili safi.

Lakini hoja iliyo kubwa kuliko zote ni ya masahihisho. Elimu ya mambo ya kale ya pwani hii imekwisha kukosea, na kukosea kwake kulitokana kwa sehemu na majina. Kirkman, katika jina la kitabu chake cha 1954, aliiita Gedi mji wa Waarabu, na kwa muda mrefu miji ya mawe ilitazamwa kama makoloni ya wageni. Maoni hayo yaligeuzwa na watu wa fani mbili. Wachimbaji kama Horton huko Shanga, na Chami katika pwani ya Tanzania, walionyesha chini ya mawe mwanzo wa kienyeji. Na wanaisimu, akiwamo Derek Nurse katika kitabu cha 1985 alichokiandika pamoja na mwanahistoria Thomas Spear, walionyesha kwamba lugha ya miji hiyo ni ya Kibantu katika mizizi na sarufi yake. Lugha, basi, ilisaidia kuwarudishia watu miji yao. Sasa hazina mpya zajengwa, na zitasomwa na watu wengi kuliko vitabu vyote vya zamani. Zikiwa na makosa, nani atayaona kwanza? Ni mzee wa Kilwa, au fundi wa Siyu, au mwongoza wageni wa Gedi, ajuaye kwamba kaburi hili si la yule, na kwamba jina la mtaa limeandikwa vibaya. Lakini mtu hawezi kusahihisha asichoweza kukisoma. Hazina isiyosomeka na wenyeji imejinyima wahakiki wake walio bora kuliko wote.

Lawama ya haya yote isiwaangukie wageni peke yao. Akiolojia imefundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1985, na hufundishwa kwa Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na taasisi za Kiswahili zimetoa kamusi za sayansi na istilahi za isimu. Lakini mwanaisimu na mchimbaji, ambao ofisi zao huenda zikatengwa na ukumbi mmoja, kila mmoja hufanya kazi yake peke yake. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala juu ya Kilwa Kisiwani. Imeandikwa na watu wa kujitolea wasiolipwa na chuo chochote. Ni aibu kidogo kwamba wao wametangulia mahali ambapo wataalamu wangepaswa kuwa wamekwisha fika.

Yafaa kufanywa nini? Kwanza, katika kila orodha ya mahali pa kale pawe na nafasi ya jina la kienyeji, lililoandikwa kama litamkwavyo, pamoja na lahaja, mahali na mwaka. Jambo hili si gumu kwa mitambo ya leo. Msamiati mkubwa wa sanaa na majengo wa taasisi ya Getty umekwisha kutolewa pia kwa Kihispania, Kiholanzi na Kichina, na wazo moja humo hubeba majina mengi bila kuchanganyika. Pili, maumbo yote ya tahajia yahifadhiwe, yale ya zamani na ya sasa, ili yeyote atafutaye apate. Tatu, maelezo mafupi ya kila mahali yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo na watu waujuao mji na lugha, wala yasiwe tafsiri iliyoongezwa mwishoni wakati fedha zimebaki kidogo.

Na katika mambo haya, la kwanza ndilo la haraka. Kuta za Kilwa zimekwisha kupimwa, na vipimo vyake vimewekwa mahali pasipofikiwa na bahari. Majina hayakuwekwa. Yamo katika vinywa vya watu wenye umri mkubwa, ambao hawatangoja mradi ujao. Mtu mwenye daftari na kalamu, akikaa wiki mbili Kisiwani au Pate pamoja na wazee na mafundi wa chokaa, aweza kuokoa kitu ambacho mashine ya leza haikuundwa kukiokoa. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya kupima ukuta mmoja, na kazi yenyewe ni ya wanafunzi wa lugha hii kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.